Nyungo za Kuazima

Mama mkwe alikuwa anakuja adhuhuri, na kuta za sebule ya Riziki zilikuwa tupu. Pesa ya mapambo haikuwepo. Basi asubuhi akapita kwa majirani kuazima nyungo, akimwambia kila mmoja kwamba yeye ana mchele wa kupepeta, kisha akazitundika zote ukutani.

Riziki alikuwa bado juu ya kigoda wakati Bi Mwatumu, jirani wa mlango wa pili, alipoingia.

"Mwanangu, nimeufuata ungo wangu, nataka kupepeta..." Macho yakamwangukia ukutani.

"Nisamehe, mama. Nilikudanganya."

Bi Mwatumu akausogelea ungo wake, ule wenye duara jekundu katikati. Miaka yote duara lile lilifunikwa na mchele. "Kumbe ni mzuri hivi! Na mimi kazi yangu kuupigapiga tu!"

Riziki akanyoosha mkono aushushe.

"Wee! Uache hapo hapo!" Akatoka mbio kuwaita wenzake.

Mama mkwe alipofika, alikuta majirani wamejaa mlangoni, kila mtu akionyesha ungo wake kwa kidole. Akatazama ukuta, akatazama ungo mpya wa kupepetea aliomletea mkwewe.

"Msumari umebaki?" akauliza.