Mwiko wa Mstari wa Mwisho

Mzee Clement, mwigizaji mkuu, alipiga goti ukingoni mwa jukwaa, akanyoosha mkono, akafungua kinywa. Kisha akakifunga, akainuka akipangusa suruali.

"Hapa ndipo utakaa mstari wa mwisho," alisema. "Leo asubuhi siusemi."

"Nong'ona basi!" alifoka Desmond, mwongozaji. "Mchezo ni leo jioni, mzee!"

"Hausemwi jukwaani mpaka watazamaji wawe vitini. Kule Burnley walivunja mwiko huo. Paa likavuja, na aliyeigiza mfalme akaugua matubwitubwi."

Huko nyuma ukumbini, Philippa Ormerod alishusha pumzi. Mchezo aliuandika yeye, na mwiko ule ulikuwa umemsitiri majuma yote ya mazoezi, kwa sababu mstari wa mwisho hakuwa ameuandika. Kila aliojaribu ulinuka chaki ya darasani. Clement alikuwa ameahidiwa kupewa mstari huo siku yenyewe, na siku ndiyo hiyo.

Desmond angejua, mchezo ungefutwa kabla ya saa ya chai. Tayari alikuwa ameufyeka vya kutosha.

"Binti, hapa ni Oldham, mji wa viwanda," alizoea kusema, kalamu nyekundu mkononi. "Mlinzi wa bwawa la kuogelea linalofungwa, anaongea kama mfalme aliyepokonywa taji? Nani atawatambua hao washairi wa kale unaowanukuu?"

"Labda mama yako," Philippa humjibu.

"Mama yangu huja kwa ajili ya aiskrimu ya mapumziko."

Jioni ilifika, na karatasi ya Philippa ilikuwa nyeupe kama ilivyokuwa asubuhi. Hakuthubutu kubisha hodi kwenye chumba cha kuvalia cha Clement. Alikaa kiti cha mwisho karibu na mlango, koti mwilini, tayari kukimbia.

Mchezo ulipofika mwisho, Clement akapiga goti. Akanyoosha mkono juu ya bwawa lisilo na waogeleaji. Philippa akafumba macho.

"Lala, bahari yangu ndogo," alisema Clement taratibu. "Wote waliozama ndani yako wamerudi nyumbani kunywa chai."

Ukumbi mzima ukasimama ukishangilia. Mhakiki wa gazeti kutoka Manchester akamkamata Philippa mkono, macho yamelowa.

"Nimewasikia washairi watatu wa kale ndani ya mstari mmoja!"

Philippa akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyekusudia wanne.

Desmond akapita, mikono mifukoni. "Ushairi mno pale mwishoni," alinung'unika. "Ningeukata."

Philippa alikimbilia chumbani kwa Clement, akamkuta akifuta rangi usoni.

"Clement, mzee wangu, umeniokoa! Mstari ule umeutoa wapi?"

"Mimi?" Mzee alimtazama kwenye kioo. "Si Desmond kaniletea mchana, akasema umemtuma wewe? Kanisomea mara tatu, maskini, na kila akifika kwenye chai, sauti inamkatika."