Maana ya Samir kwa Kiingereza

"Mimi sikuja kujifunza Kiingereza," fundi miwani alimwambia mwalimu, bado amesimama mlangoni. "Nataka sentensi tatu tu."

Mwalimu alimtazama. Mzee wa miaka sabini na ushee, shati limenyooshwa vizuri, bisibisi ndogo imechomoza mfukoni. Darasa lenyewe lilikuwa chumba kimoja juu ya duka la rangi, na wanafunzi walikuwa watatu: manesi wawili waliotafuta kazi ng'ambo na dereva teksi asiyejua kunyamaza.

"Sentensi zipi, baba?"

"Jina langu. Maana yake. Na kwamba nimekuja kukaa naye kidogo."

"Naye nani?" dereva akadakia.

"Mwanamke mmoja."

Ikawa ndiyo hiyo. Tangu siku ile darasa zima lilimwita Bwana Harusi, naye hakujitetea.

Jina lake lilikuwa Samir. Alipewa na baba yake, aliyesoma Kiarabu, na tangu utotoni aliambiwa maana yake: mtu anayekaa nawe jioni mkazungumza, usiwe peke yako. Mwalimu alidhani ni kazi ya dakika moja. Akaandika ubaoni neno la Kiingereza la rafiki. Fundi akatikisa kichwa, rafiki anaweza kuwa yeyote. Akaandika la mwenzi wa safari. Hapana, hakuna anayesafiri. La mfariji likawachekesha manesi, kwa sababu kwa Kiingereza ni jina la blanketi nene pia, nao walikuwa wameliona kwenye tangazo.

"Kwa nini usijiite Sem tu?" mwalimu akasema. "Wenye lugha yao ndivyo wanavyolifupisha."

"Akisikia Sem hatanijua."

"Kwani akisikia Samir atakujua?"

"Hilo ndilo ninalotaka kuona."

"Huyo mama hajui hata neno moja la Kiswahili?" nesi mmoja akauliza.

"Alikijua kuliko wewe. Kimemtoka, amebaki na Kiingereza cha kwao."

Dereva akacheka mpaka akaegemea ukuta. "Mzee, huyo amekuchoka. Mtu hatokwi na lugha hivi hivi, anajisahaulisha."

Fundi naye akacheka kidogo, kwa adabu tu. Maneno yale yalimchoma. Alikuwa na miezi saba hajaulizwa na mtu siku yake imekwendaje. Kutwa nzima alishinda dukani akikaza skurubu na kufuta vioo vya watu, na wateja walimpa habari zao, wakavaa miwani yao, wakaenda zao.

Hatimaye mwalimu aliacha kutafuta neno moja, akamtungia sentensi nzima: Samir ni mtu wa kukaa nawe jioni na kuzungumza, mpaka upweke uondoke. Ilikuwa ndefu na ulimi wa fundi uliikataa. Aliirudia njiani, aliirudia dukani, hadi mteja mmoja akamuuliza kama miwani yake ina tatizo kubwa kiasi cha kuombewa dua.

Jioni moja wenzake walipokwisha kuondoka, alibaki.

"Nikikosea itakuwaje, mwalimu?"

"Utarudia. Hakuna atakayekupiga."

"Mara ya mwisho nilimsemesha kwa Kiswahili. Akaogopa, akapiga kelele, majirani wakaja."

Mwalimu akaweka chaki chini. Sasa alikuwa na wasiwasi. "Baba, huyo mama anataka kweli kukuona?"

"Sijui, mwanangu. Ndiyo maana nataka kumwambia vizuri mimi ni nani."

Ijumaa ya wiki ya tatu alifunga duka mapema. Alinawa mikono kwa sabuni mara mbili, akachana nywele mbele ya kioo cha wateja. Aliogopa kelele zile kuliko alivyowahi kuogopa kitu chochote, na njia nzima alipanga kwamba yule mama akipiga kelele tena, yeye hatarudi darasani.

Jirani aliyeshinda na yule mama alimfungulia mlango. "Ameshakula," akamnong'oneza. "Leo ametulia." Kisha akachukua mkoba wake, akaenda kwake.

Mama alikuwa ameketi karibu na dirisha, mvi zake zimechanwa nyuma. Alimtazama kama unavyomtazama mtu wa posta. Fundi akaketi, akaweka mikono magotini, akasema sentensi zake tatu polepole, moja baada ya nyingine. Hakukosea hata neno.

Uso wa mama ukalegea. Akatabasamu, akamjibu kwa Kiingereza cha taratibu, na wiki tatu za kuwasikiliza manesi wakijifunza zilimtosha fundi kuelewa yote.

"Jina zuri sana. Karibu, tuzungumze. Ila nakuomba uhamie kiti kile kingine. Hicho ni cha mume wangu. Naye anaitwa Samir, ni fundi miwani, na saa hizi yuko njiani anarudi."