Jua la Juu ya Ngazi

Fundi rangi alimwaga ndoo ya pili ya maji chooni, akainama kuangalia kama wekundu umeisha. Umeisha. Akatoka akipiga mluzi.

"Leo tena ndoo mbili?" mkewe aliuliza, macho kwenye cherehani.

"Choo hiki kina kiburi."

Ilikuwa hivyo kila baada ya wiki nne, siku aliyotoka kliniki. Huko muuguzi alimsimamia ameze vidonge vya mwezi, kisha akampa pakiti ya kumeza kila siku nyumbani. Alimwonya mapema: hiki kitatia mkojo wekundu, kile kitaifanya ngozi iwe nyeusi na kavu.

"Usishtuke. Ukoma unatibika, na ukishaanza dawa humwambukizi mtu. Ila mlete mkeo tumpime."

Hakumleta. Pakiti aliificha ndani ya kopo tupu la rangi. Alijua watu wanavyotimua mbio wakisikia jina la ugonjwa ule, naye mke alikuwa na mmoja tu, hakuwa na wa akiba.

Kufikia mwezi wa tano alikuwa amekolea weusi kama sufuria ya kuni.

"Jua la juu ya ngazi halina adabu," alijitetea.

"Hata chembe," mkewe alikubali. Akamshonea shati la mikono mirefu na kofia pana. Akawa anampaka mafuta mgongoni asubuhi na jioni, na kila akirudi kazini anamkagua nyayo, eti kwenye majengo misumari ni mingi. Siku tumbo lilipomchafuka, uji ulikuwa mezani kabla hajafungua mdomo.

Fundi rangi alichekea moyoni. Mwanamke unamdanganya mchana kweupe, naye anazidi kukudekeza! Wakati mwingine, lakini, mkono ule wenye mafuta ukipita mgongoni, alishindwa hata kutania.

Mwezi wa kumi na mbili muuguzi alimpa pakiti ya mwisho na kumkazia macho. "Ukimaliza hii, uje na mkeo. Usipokuja naye, nakuja kwako mimi."

Maji yalikuwa yamemfika shingoni. Siku ilipowadia alisimama mbele ya cherehani, hotuba yote kichwani, jasho likimtoka.

"Mama watoto, twende kliniki ukapimwe."

"Nipimwe nini?"

Hotuba ikayeyuka. "Macho."

"Haya," alisema mkewe, akavaa viatu.

Njia nzima alifungua mdomo na kuufunga kama samaki. Walipofika kwenye mlango wa muuguzi, akamshika mkewe mkono.

"Si macho," alisema. "Ni mimi. Nina ukoma. Mwaka mzima nimekuficha. Ukitaka kurudi kwenu, sitakulaumu."

Mkewe alimtazama, akamfuta jasho kwa ncha ya kanga, kisha akausukuma mlango.

"Shikamoo, muuguzi. Kumbe bado upo!"

Muuguzi aliinuka, uso umechanua. "Marahaba! Kumbe mke mwenyewe ni wewe? Karibu tena, fundi cherehani."

Fundi rangi alibaki mlangoni, kinywa wazi.

"Vidonge vyangu nilivimezea humu humu, mwaka mzima," mkewe alimwambia, kicheko na machozi vikigombania uso. "Namaliza pakiti ya mwisho, na wewe huyo unakuja kwetu kuniposa. Ningekwambiaje?"