Gari Lisilojibu

Siku hizi gari lolote humjibu mke au mume anayeliuliza lilikwenda wapi na lilimbeba nani. Ni sheria. Magari ya kale tu ndiyo yamesamehewa, kwa kuwa hayana akili wala masikio. Kwa hiyo mume wangu Gervas aliponiambia twende Moshi kwenye maonyesho ya magari ya zamani ya Kiitaliano, nilijiuliza mapenzi hayo yameanza lini.

"Sijawahi hata kuyagusa, mama Tunu," alisema. "Nataka tu kuona."

Uwanjani, mwanamke mmoja mwenye Fiat ndogo nyekundu alituruhusu tuingie tuiwashe. Nilikaa kwenye usukani, nikazungusha ufunguo. Kimya. Nikazungusha tena.

"Wageni wote hushindwa," alisema yule mwanamke, akicheka dirishani.

Gervas, kando yangu, alipeleka mkono chini katikati ya viti bila kutazama, akavuta kijiti kidogo. Injini ikanguruma.

Yule mwanamke aliacha kucheka. Gervas akaurudisha mkono mapajani, taratibu.

"Umewahi kumbeba mume wangu?" nililiuliza gari, kwa mazoea.

Gari halikujibu. Wala wao.