Nyamizi Juu ya Meza

"...yaani kinyaa, mama, kinyaa kitupu!" Nyamizi aliingia jikoni na viatu mguuni, akafungulia bomba na kuanza kusugua mikono kama mtu aliyeshika panya aliyeoza.

Siku hizi kila gari lina mwanga usioonekana, unaopima umbo la aliyeketi ndani, na picha ya umbo hilo ni mali ya mwenye gari. Nyamizi alilijua hilo tangu chuoni. Ila hakuwahi kuwaza kwa nini kwao Maganga, mchumba wake, walikuwa wakimletea gari kila Jumapili.

"Nimewakuta sebuleni kwao Maganga, shangazi zake watatu. Na mimi nipo juu ya meza, mama! Picha ya mwanga mtupu, nimekaa kama nilivyokaa garini, nazunguka taratibu kama kuku wa kuchoma. Mmoja ananipitishia kidole kiunoni, 'Nyonga hizi zitazaa.' Mwingine kalikuza tumbo langu, anaangalia ninavyopumua, eti ajue kama nimeshabeba mimba. Huku anatafuna sambusa, mafuta yanamchuruzika kidevuni!"

"Na Maganga?"

"Si ndiye aliyekuwa ananizungusha!"

Mama alizima jiko. Akafuta meza iliyokuwa safi, kisha akaifuta tena.

"Sasa," akauliza kwa sauti ya chini, "waliridhika?"

Nyamizi akamgeukia. Maji yaliendelea kumwagika nyuma yake.

"Waliridhika, mama. Mengine nitakwambia kesho, nikishaamua kama nitaolewa."