IP Imepotea Tena

"Mwalimu, IP imepotea tena."

Ndanu alisema hivyo akiwa bado mlangoni, kebo ya mtandao mkononi. Mzee Kiema, kitini pake hapo sebuleni, mtaa wa Woodley, aliendelea kutazama dirishani.

Siku nyingine angefoka hadi majirani wasikie. Miaka yote aliyofundisha mitandao ya kompyuta, mwanafunzi aliyekata jina la kitu mbele yake alijua amejitakia. "IP haiwezi potea," angesema. "IP ni kanuni ambazo mashine zinatumia kuongea. Iliyopotea ni IP address, anwani ya mashine. Ukiulizwa unaishi wapi, utasema tu 'barabara'?"

Kila asubuhi Ndanu alipitia kwake kabla ya kwenda mjini, akakosea neno lile lile, akakaripiwa vile vile. Kalekye, anayepika humo nyumbani, alishachoka nao. Juzi tu alimwomba Ndanu aseme vizuri mara moja, kelele ziishe. Ndanu alicheka, akaongeza sukari kwenye chai.

Kukaripiwa hakukumtisha. Alichoogopa ni siku ambayo mwalimu angemwacha akosee.

Sasa alimsogelea mzee, akachuchumaa mbele yake. "Mwalimu, umenisikia? Nimesema IP imepotea."

Mzee aliichukua kebo, akaigeuzageuza vidoleni. Ndanu alingoja ndita za paji lake la uso zikunjike. Alizitamani ndita zile kuliko kitu chochote.

"Basi itafuteni," alisema mzee, kwa upole ambao Ndanu hakuuzoea. "IP ikipotea, haiendi mbali." Kisha akamtazama vizuri. "Na wewe, msichana, umetumwa na nani?"

Ndanu alisema ametumwa na chuo. Akamrekebishia sweta mabegani, akaaga. Kalekye alimsindikiza hadi getini.

Mchana huo, chuoni mjini, Sammy wa kiti cha nyuma alinyoosha mkono katikati ya somo.

"Madam Ndanu, mashine yangu imepoteza IP."

Wenzake wakaangua kicheko, kisha wakamgeukia mwalimu wao, wakingoja afoke kama afokavyo siku zote. Ndanu alifungua kinywa, lakini maneno yale ya baba yake, Mzee Kiema, hayakutoka.