Viatu vya Kasanda

Jemedari alikuwa mbwa ambaye hata mvua ilimbishia hodi kabla ya kuingia uani. Mwenzake, Asali, alimpenda kila mtu. Mwizi wa kuku alipokuja, alimsindikiza mpaka barabarani akitikisa mkia.

Kwa hiyo Nyamizi, mjane mwenye mbwa hao, alipoposwa na fundi Kasanda alisema wazi: "Asali hana kura. Jemedari akikukubali, nami nimekukubali."

Mara mbili Kasanda alikuja, na mara mbili alirudi kwake na suruali iliyochanika. Leo alivua viatu barazani, akaketi kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kushinda, maana asubuhi alikuwa ameving'arisha kwa mafuta ya mkia wa kondoo.

Jemedari alimjia mbio, akaishia kwenye viatu. Alinguruma kidogo, kama mzee anayesafisha koo, kisha akakivuta kile cha kulia mpaka kivulini na kukilalia kwa kidevu.

"Umeona, mama?" Kasanda alisema. "Mnyama anajua utu."

"Vya wenzako huwa anavitafuna," Nyamizi alikiri.

"Basi jibu langu?"

"Ngoja, baba, usinikimbize."

Akakiokota kiatu cha kushoto, akakigeuza, akakinusa. Akakinusa tena. Kasanda akaanza kuhesabu mabati ya paa, huku Asali akimlamba kisigino.

Nyamizi alizuia kicheko. Alivuka ua taratibu, akainama, akakiweka kile kiatu chini ya kidevu cha Jemedari, ubavuni mwa kile cha kulia.